Maswali ya Wasomaji: Nani Atalipia Hisabati Yangu?

Barua za mwezi huu kutoka Kigoma na Tabora nyingi zimeuliza jambo moja: aliyechagua hisabati au takwimu chuoni apate wapi ada, na kuna tuzo gani anazoweza kuzipigania kabla hajamaliza shahada ya kwanza. Tumezijibu kwa pamoja. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nipo Kasulu nasubiri matokeo. Nataka shahada ya hisabati. Ufadhili wa Samia unaombwaje? Tena naogopa kwamba nikiomba mkopo nitaonekana siuhitaji ufadhili.
*Kijana, Kasulu*

Marahaba. Ondoa hofu hiyo kwanza, maana kila mwaka kuna wanaokosa vyote viwili kwa sababu hiyohiyo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huangalia ufaulu wako wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na huwalenga waliofanya vizuri zaidi kitaifa ambao wamepata nafasi katika vyuo vya hapa nchini kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Fedha hizo hazirudishwi. Mkopo huangalia uhitaji, nao hurudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa. Vyote viwili husimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ukipata ufadhili hutapewa na mkopo juu yake, lakini kuomba mkopo hakumfungii mtu mlango wa ufadhili. Kwa hiyo omba mkopo mara dirisha linapofunguliwa. Usikae kungoja orodha ya waliokidhi sifa za ufadhili, kwani ukikuta jina lako halimo, huenda dirisha la mkopo limeshafungwa.

Wengi hukwama kwenye karatasi, wala si kwenye alama. Anza na cheti cha kuzaliwa. Cheti chenyewe hakitoshi, sharti kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, nawe upewe namba ya uhakiki ya kujaza kwenye fomu. Kama huna cheti, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwani Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili wa vizazi na vifo. Beba kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Fanya kazi hii sasa, kabla ya matokeo, kwa sababu matokeo yakitoka wote mtakuwa kwenye foleni moja.

Halafu linganisha majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, kisha soma herufi moja moja. Cheti kimoja kikisema "Mariamu" na kingine "Mariam", au jina la babu likiwepo kwenye kimoja na kwenye kingine halipo, mfumo utasoma watu wawili. Tofauti ndogo huenda ikamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, lakini jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Kuna kosa jingine linalowapata waliorudia mtihani. Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayotumia kuombea chuo ndiyo hiyohiyo uitumie kwenye mkopo. Ukiomba chuo kwa namba ya mwaka mmoja na mkopo kwa namba ya mwaka mwingine, Bodi haitauona udahili wako, na ombi litabaki linaelea.

Fomu ikishachapwa inasainiwa na wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena kwenye mfumo. Pale steshenari usimwachie kijana wa kompyuta kila kitu. Simama, fungua faili lililopakiwa, uhakikishe muhuri unasomeka na ukurasa ni wenyewe. Kama kaya yenu iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jaza namba ya kaya. Kama una ulemavu, au mzazi wako anao, pata fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya. Mambo hayo hupima uhitaji, na usipoyaweka hakuna atakayekuja Kasulu kukuuliza.

Ndugu wahariri, mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Binti yangu amepata Divisheni ya Kwanza kwa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), anataka takwimu. Mtu mmoja mjini anadai laki mbili amwingizie jina kwenye ufadhili wa Benki Kuu wa wasichana. Nimlipe?
*Mzazi, Urambo*

Mzee wetu, usimpe hata shilingi. Ufadhili wenyewe upo, na ndiyo maana matapeli wanautumia. Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa ufadhili wa masomo kwa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere. Kwa upande wa shahada ya kwanza, mfuko huo umelenga hasa wasichana waliofaulu vizuri na wanaosomea hisabati na sayansi. Tangazo hutolewa na Benki Kuu yenyewe, na mwombaji hutuma maombi kwao moja kwa moja. Hakuna wakala wa Urambo wala wa Tabora mjini mwenye uwezo wa kuingiza jina. Mtu akikwambia "nina mtu ndani", mpe mgongo.

Binti aangalie mambo mawili. La kwanza ni kozi. EGM ina Hisabati ya Juu, kwa hiyo msingi anao. Aliyesoma BAM (hisabati ya msingi ya matumizi) peke yake hana, kwa sababu BAM ni somo dogo na vyuo vinavyofundisha shahada ya hisabati huhitaji ufaulu wa Hisabati ya Juu. Shahada za takwimu zimetofautiana sana katika hili, hivyo asome sifa za kila chuo katika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, asikisie kwa jina la kozi. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1961, nacho kinatoa shahada ya kwanza ya takwimu rasmi. Watoto wengi wa huku hawakijui, na hilo linatusikitisha.

La pili ni wiki za mwanzo. Awe na mkopo au ufadhili, fedha za kujikimu, wenyewe wanaziita "boom", hazimpokei getini. Lazima kwanza asajiliwe chuoni, ndipo asaini malipo. Mzee, hizo laki mbili za tapeli zifungie kibindoni. Zitakuwa nauli ya treni, godoro, na chakula cha wiki tatu.

Mimi ni wa mwaka wa kwanza, hisabati na takwimu. Hesabu zote nimepata A isipokuwa moja B+, lakini GPA (wastani wa pointi zangu) ni 4.1 na nimeikosa zawadi ya mwanafunzi bora wa idara. Mwenzangu niliyemzidi kalkulasi ndiye kapewa. Je, nimeonewa?
*Msomaji, Tabora Manispaa*

Kwa matokeo uliyotutumia hukuonewa. Tupige hesabu mbele ya wasomaji, maana somo hili linawahusu wengi.

Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vyetu vingi, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, yaani uzito wake. Kalkulasi yako krediti 12, A: 60. Aljebra mstari krediti 12, A: 60. Nadharia ya uwezekano krediti 12, B+: 48. Programu za kompyuta krediti 9, A: 45. Stadi za mawasiliano krediti 8, B: 24. Stadi za maendeleo krediti 7, C: 14. Jumla ya pointi ni 251, jumla ya krediti ni 60, na 251 kwa 60 ni 4.183. GPA hubaki na tarakimu moja baada ya nukta, na zinazofuata hukatwa, hazikadiriwi kwenda juu. Ndiyo 4.1 yako.

Sasa badilisha kozi moja tu. Stadi za maendeleo ikiwa B, pointi zinakuwa 258, na GPA 4.3 kamili. Ikiwa B+, zinakuwa 265, na GPA 4.416, yaani 4.4, ambapo daraja la kwanza linaanzia. Hukuangushwa na kalkulasi. Umeangushwa na kozi ya krediti 7 ambayo wanahisabati wengi huidharau na kuisoma usiku mmoja kabla ya mtihani. Zawadi za idara, za koleji, na fedha nyingi za shahada ya uzamili hupangwa kwa GPA ya jumla, na GPA haijui kwamba kozi fulani "siyo ya kwetu".

Umeandika pia kwamba hiyo C ilitokana na supu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu ulilazwa na malaria siku ya mtihani. Hapa ndipo palipouma hasa. Katika vyuo vingi mtihani wa marudio hata ukipata alama 90 unaandikiwa C, basi. Lakini mgonjwa halazimiki kufika huko. Anatakiwa kuomba kuahirisha mtihani, kwa barua na cheti cha daktari kinachotambuliwa na chuo, kabla ya mtihani au mara tu baada ya kulazwa. Akikubaliwa, mtihani atakaoufanya baadaye huhesabiwa kuwa wa mara ya kwanza, na A yake inabaki A. Aliyekaa kimya huandikwa hakutokea, na hapo mambo huwa magumu zaidi. Mwambie mwenzako wa chumbani leo: nikiugua, peleka taarifa idarani siku hiyohiyo.

Kuna mashindano ya hisabati ya wanachuo? Nimesikia habari za Putnam.
*Mwaka wa pili, Ujiji*

Putnam ni mashindano ya hisabati ya wanaosoma vyuo vya Marekani na Kanada tu. Maswali 12, kila moja pointi 10, na ni magumu kiasi kwamba miaka mingi mshiriki wa katikati huondoka na pointi 0 au 1. Wewe wa chuo cha Tanzania huwezi kujiandikisha, ingawa maswali yake ya zamani ni mazoezi mazuri.

Mashindano yanayokufaa ni yale ya kimataifa ya wanafunzi wa vyuo vikuu yanayofahamika kwa kifupi IMC. Yalianza 1994, huandaliwa na University College London, na hufanyika Bulgaria wakati wa kiangazi cha huko. Yako wazi kwa walio mwaka wa kwanza hadi wa nne, umri usiozidi miaka 23. Siku mbili, kila siku maswali matano kwa saa tano, kila swali pointi 10. Mada ni aljebra, uchanganuzi wa namba halisi na changamani, jiometri na kombinatoriki. Lugha ni Kiingereza.

Wanafunzi wetu hujiandaa vibaya kwa sababu wamezoea mitihani ya "tafuta jibu". Kule wanasahihisha uthibitisho. Chukua swali hili la zamani linalojulikana: onyesha kwamba ukichagua namba 51 zozote tofauti kati ya 1 na 100, lazima zimo mbili ambazo moja inaigawa nyingine bila baki. Mwanafunzi anajaribu mifano kumi, yote inakubali, anaandika "kwa hiyo ni kweli". Hilo halina pointi. Uthibitisho ni huu: kila namba iandike kama 2 iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa, mara namba witiri. Kwa mfano 24 ni 2 × 2 × 2 × 3, na sehemu yake witiri ni 3. Kati ya 1 na 100 namba witiri ni 50 tu. Namba zako ni 51, kwa hiyo mbili zitagawana witiri mmoja, kama njiwa 51 katika vitundu 50. Namba hizo mbili zinatofautiana kwa idadi ya zile 2 tu, basi ndogo inaigawa kubwa. Mistari mitano, na hakuna pengo.

Jizoeze hivyo: swali moja, saa mbili, bila simu. Ukishindwa, soma suluhisho, lifunike, uliandike upya kwa maneno yako. Maswali na majibu ya miaka yote yapo bure kwenye tovuti ya mashindano. Watu wawili mkikutana kila Jumamosi, hata pale maktaba ya mkoa wakati wa likizo, mtafika mbali kuliko mmoja anayejifungia.

Kuhusu gharama tuseme wazi: ada ya ushiriki, nauli na viza havilipwi na waandaaji. Andika ombi kwa idara miezi minane kabla, ukiambatanisha bajeti na kazi zako za mazoezi. Pasipoti iombwe mapema zaidi. Ada yake ni shilingi 150,000, na kwa mkoa wa mpakani kama Kigoma jiandae na vielelezo vya kuzaliwa vya wazazi pia, maana Uhamiaji watavitaka.

Je, Nishani ya Fields mwanafunzi anaweza kuiomba?
*Mwalimu, Kigoma*

Hapana, Mwalimu. Haiombwi. Hutolewa kila miaka minne kwa wanahisabati wasiozidi umri wa miaka 40 kwa matokeo makubwa ya utafiti. Olimpiadi ya kimataifa na ile ya Afrika nazo ni za sekondari, kwa hiyo wanafunzi wako wa sasa ndio wa kuandaliwa kwa hizo, kabla hawajaingia chuo.

Nasoma takwimu. Mashindano ya hisabati si yangu. Sisi tuna nini?
*Dada wa Nzega*

Mnayo, na hayahitaji nauli. Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, iliyoanzishwa 1885, kupitia chama chake cha ufundishaji wa takwimu ina mradi wa kueneza uelewa wa takwimu, nao huendesha kila miaka miwili mashindano ya mabango. Kuna kundi la wanafunzi wa shahada ya kwanza. Timu ni ya watu wawili hadi watano, na mnaanzia ngazi ya taifa kupitia mratibu wa nchi. Bango moja lazima lijieleze lenyewe: swali, data, mbinu, jibu.

Data mnazo nyumbani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora, na ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Kigoma walikuwa 2,127,930, wakawa 2,470,967. Hapo pana swali zuri la bango: mikoa jirani, kwa nini tofauti kubwa hivi?

Angalieni hesabu. Tabora imeongezeka kwa asilimia 48 ndani ya miaka kumi. Wengi watagawanya kwa kumi, waandike asilimia 4.8 kwa mwaka. Ni kosa, kwa sababu walioongezeka nao huzaa. Ukikuza idadi ya 2012 kwa asilimia 4.8 kila mwaka unafika takriban 3,660,000, yaani watu 270,000 ambao hawapo. Njia sahihi ni logi asili ya uwiano, igawanywe kwa miaka. Uwiano wa Tabora ni 1.480, logi yake 0.392, basi ni asilimia 3.9 kwa mwaka. Kigoma uwiano ni 1.161, logi 0.149, asilimia 1.5. Taifa zima ni 3.2.

Kisha msirukie hitimisho. "Watu wanaikimbia Kigoma" ni dai, na namba hizo mbili hazilithibitishi. Idadi hubadilika kwa vizazi, vifo na uhamaji, na Kigoma ina pia wakimbizi wanaoingia na kurudi makwao. Bango linalotenganisha sababu hizo, au linalokiri wazi ni ipi halikuweza kuipima, ni bora kuliko lenye rangi saba na grafu ya duara ya vipande kumi na viwili. Mhimili wa grafu ya pau uanzie sifuri. Ukianzia milioni 2, Kigoma itaonekana kijiji.

Ukishakuwa na utafiti wa kuandika makala kamili, taasisi hiyohiyo ina tuzo yenye jina la Jan Tinbergen kwa wanatakwimu vijana wa nchi zinazoendelea.

Namaliza mwakani. Nataka uzamili bila kulipa. Na mhadhiri akiniambia "andika barua mwenyewe nitasaini", nifanyeje?
*Kaka wa Kibondo*

Anza na AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003. Sasa ina vituo pia Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Wanaokubaliwa hupewa ufadhili kamili: masomo, malazi, chakula na safari. Aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba kwa matokeo aliyonayo, kwa hiyo usingoje mahafali. Kwako Kibondo, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, lakini usichague kituo kwa ukaribu tu. Soma kila kimoja kinafundisha nini.

Kuhusu barua, usiiandike wewe. Wanaochagua husoma barua nyingi na huitambua sauti ya mwombaji. Mpe mhadhiri karatasi moja ya kumsaidia: kozi alizokufundisha na alama zako, kichwa cha mradi wako na ulichokithibitisha au kukikokotoa, programu unazozitumia, tarehe ya mwisho, na mahali pa kutuma. Mpelekee wiki nne kabla, umkumbushe kwa adabu zikibaki siku kumi. Chagua aliyekusahihishia kazi, hata kama ni mhadhiri msaidizi. Profesa anayekukumbuka kwa namba ya usajili ataandika sentensi mbili, na sentensi mbili hazikusaidii.

Transkripti iombe mapema. Chuo hutoa nakala ya matokeo ya muda kwa mwanafunzi anayeendelea, nayo huwa na foleni yake. Iskani kwa rangi, kurasa zote katika faili moja, pamoja na ukurasa wa nyuma unaoeleza maana ya A na B+. Wasomaji wa nje wamezoea GPA ya 4, na bila ukurasa huo hawatajua kwamba yako ni kati ya 5.